Nilisema Umekunywa Dawa

Baba Mumbua wangu,

Wakili amenikataza kuongea ovyo juu ya kesi. Ameniambia nifunge mdomo sokoni, nifunge mdomo kanisani, na hata mama yako nisimweleze kila kitu, kwa sababu mama yako akishajua jambo basi kijiji kizima cha Tulia kimejua. Nimemsikia. Lakini wewe hakukutaja, kwa hivyo nimesukuma hizi sare za shule kando ya cherehani, nimetafuta kalamu, na ninakuandikia mchana kweupe. Atakayesoma juu ya bega langu asome. Mimi nimechoka kunong'ona.

Ulikuwa hupendi mtu akuletee shida kabla ya salamu. Basi salamu kwanza. Sisi tuko. Mumbua amekuwa mrefu, miguu amechukua yako, viatu namnunulia leo na kesho vinambana. Mvua ilijitahidi kidogo upande wetu na ndengu tulipata. Mama yako goti linamsumbua, lakini mdomo haujambo kabisa. Na mimi nakukumbuka. Hilo nalisema sasa hivi kabla hasira haijanishika nikalisahau.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Makueni msimu ule wa maembe? Lori lilisimama pale kwa baba, ukashuka wewe, mrefu, mkono mmoja kiunoni kama mwenye lori, na kumbe kazi yako ni kupanga makreti tu. Ulipofungua mdomo, mimi na dada zangu tukacheka, maana nyinyi wa Kitui Kikamba mnakivuta mpaka mtu anasahau mlianzia wapi. Ukaniuliza bei. Nikajifanya sielewi. Ukarudia polepole, kama unaongea na mzungu, nami nikamwambia baba kwa sauti, "Huyu aletewe mkalimani." Ulicheka hadi kreti likakuponyoka, na maembe ya watu yakasambaa barabarani. Mwaka huo huo wazee wenu wakaleta mbuzi wa ntheo, wa kuniposa, na baba akaniuliza kama nina uhakika, kwa sababu watu wa Kitui wana maneno mengi. Mungu amrehemu, hakujua kwamba mwenye maneno mengi ni mimi.

Kazi ya stoo pale mjini Kabati ilipokuja tulimshukuru Mungu, tuseme ukweli. Mimi ndiye niliyekuosha shati ukaenda kuiomba. Kampuni ilikuwa inanunua ndengu kwa wakulima, inaziweka, halafu lori zinakuja kuchukua. Kazi ya kivuli, si ya jua. Na kulikuwa na zile siku za kupiga dawa. Sikuwa naelewa ni dawa gani isiyopulizwa, nikakuuliza, nawe ukachukua sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, iliyokuwa inatokota, ukaifunika, ukaniambia nichungulie. Nikafungua, mvuke ukanipiga uso. Ukasema ndivyo stoo ilivyo: magunia yanafunikwa turubai, tembe zinawekwa ndani, zinatoa hewa yake ya kuua wadudu, milango inafungwa siku kadhaa. Na hakuna mtu kuingia mpaka ifunguliwe, ipigwe na upepo, ipimwe. Uliniambia hiyo hewa haina mchezo. Nikakuuliza mnavaa nini. Ukasema mnapewa maziwa.

Maziwa, Baba Mumbua. Pakiti moja kila mtu, siku ya kupiga dawa, ya kusafisha kifua. Mnaweka sahihi kwenye kitabu mnachukua. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu. Baba yangu mwenyewe alipokuwa akipulizia maembe dawa alikuwa anakunywa maziwa jioni, kila mtu Ukambani anajua maziwa yanaosha sumu. Wewe yako hukuwa unakunywa. Uliileta nyumbani ndani ya koti, Mumbua akawa anakungoja pale kwenye geti, hajali baba amechoka, anapapasa mifuko tu. Nilikuwa naona ni upendo. Bado naona ni upendo, lakini siku hizi nikiona pakiti ya maziwa dukani natazama kando.

Sasa niseme siku ile. Ulikuja mapema, nikashangaa kuona bodaboda inakuleta. Ukasema kichwa, na kifua kimebana, na unataka kutapika. Nikakuuliza kumetokea nini, ukasema wamepiga dawa stoo na huko ndani mlikuwa mnahesabu magunia haraka haraka. Ukataka kulala. Nikakupa dawa ya kichwa, ile tuliyokuwa nayo kwenye kopo, tembe mbili, na maji kwa kikombe chako cha bati. Ukameza, ukaniambia asante. Baadaye kidogo ukaanza kutapika na midomo ikabadilika rangi. Nikamwita yule wa boda arudi, tukakubeba katikati yetu, mimi nimekushika kwa nyuma, na njia nzima nilikuwa nakusemesha nawe unanijibu "mm" tu.

Hospitalini sista wa zamu alikuwa mgeni huku, si Mkamba. Msichana mpole, simlaumu sana. Akaniuliza haraka haraka ana nini. Nikajitutumua na Kiswahili changu. Nikasema, "Anafanya kazi stoo. Wamepiga dawa. Kichwa kikamuuma, amekunywa dawa." Hayo tu. Kwa Kikamba ningemweleza kutoka asubuhi ulipofunga kamba za viatu. Kwa Kiswahili nilimpa vipande, naye akavishona alivyojua. Aliandika Kiingereza kwenye faili mstari mmoja mfupi, akakimbia kutafuta daktari. Hukumaliza siku. Nilikuwa nimekushika mguu, kwa sababu upande wa kichwa walikuwa wamejaa madaktari.

Karatasi ya kifo ilisema sumu. Sisi tukaelewa sumu ya stoo, mchungaji akaelewa hivyo hivyo, akakuombea vizuri, kwaya ikaimba, tukakuzika nyumbani pale chini ya shamba. Meneja wa stoo alikuja na blanketi na sukari, akalia kweli machozi. Kisha watu wakaniambia sheria ipo, mtu akifia kazini kwa sababu ya kazi, familia inadai. Nikapata huyu wakili wa Kitui mjini, kijana, kola ya shati imemzidi shingo, lakini anasoma mpaka maandishi madogo. Nikafungua kesi. Sikuwa natafuta utajiri. Nilitaka Mumbua asome, na nilitaka mtu mmoja mwenye muhuri aandike kwamba ulikufa kwa sababu uliingizwa mahali ambapo hukupaswa kuingia.

Ndipo kampuni ikatoa lile faili la hospitali.

Kortini, karani aliniuliza kama nataka mkalimani wa Kikamba. Na mimi kwa kiburi changu nikasema sihitaji, Kiswahili najua. Ungekuwepo ungenifinya. Wakili wao ni mtu wa sauti ya chini, mpole kama daktari wa meno. Akaanza na maziwa. Akanionyesha kitabu, sahihi zako zote zile zenye mkia mrefu, akaniuliza kama ulikuwa unapewa maziwa ya kujikinga. Nikaona shimo. Nikisema ulikunywa, basi walikukinga. Nikisema ulimletea mtoto, basi wewe ndiye uliyekataa kinga. Nikasema maziwa yalikuja nyumbani. Akaandika, akashukuru.

Halafu akasoma mstari wa sista, akautafsiri yeye mwenyewe: mgonjwa amekunywa dawa ya stoo, kwa maelezo ya mke. Akaniuliza, "Mama, ulimwambia muuguzi kwamba mume wako amekunywa dawa?"

Nikasema nilisema, lakini. Akaniinulia mkono, taratibu. Akasema nijibu ndiyo au hapana, nikumbuke nimeapa. Na mimi Biblia nilikuwa nimeishika kwa mkono huu huu ninaoandikia. Nikasema ndiyo.

"Na ilikuwa kweli, alikunywa dawa?"

Ulikunywa, Baba Mumbua. Nilikupa mwenyewe. Ningesema hapana ningekuwa mwongo mbele ya Mungu, na nikisema ndiyo nimekuzika mara ya pili. Nikasema ndiyo. Akakaa chini. Wakili wetu akasimama aniulize upya, nieleze vizuri, lakini hakimu akatazama saa, akasema ana kesi nyingine inayomngoja, akatupa tarehe. Mwezi mzima na zaidi. Kwa hivyo sasa ndiyo yangu imekaa huko kortini peke yake, imeandikwa, haina mwenzake.

Kabla jua halijatua Tulia ilikuwa imepata habari. Kumbe mume wake alijiua. Kumbe alikunywa dawa. Hakuna aliyenitukana, ningefurahi wangenitukana. Wananionea huruma. Mama mmoja wa kanisa alinishika mkono akaniambia Mungu anaelewa hata wale waliolemewa. Nikamwambia anipishe, nina sare za kushona. Mchungaji ananisalimia kwa urefu kuliko zamani. Mama yako amenyamaza siku tatu nzima, na wewe unajua huo ni ugonjwa. Siku ya nne aliniuliza kama tulikuwa tumegombana, mimi na wewe, wiki ile. Nikamwambia hapana. Akasema sawa, lakini alikuwa ananiangalia mikono.

Wacha nikuambie jambo lililonifanya nikuandikie, kwa sababu silimudu kulibeba. Nilikushuku. Mimi, mke wako. Nilikaa hapa na cherehani nikaanza kukumbuka ulivyosema Jumapili moja kwamba umechoka na hiyo kazi, siku moja utaacha kila kitu. Ulisema ukivua soksi. Wakati ule niliona ni soksi tu na uchovu. Baada ya korti nikaanza kuligeuza lile neno. Kwamba labda uliacha. Labda kabla ya boda, kule stoo, ambako sikuwa nakuona, ulikunywa kweli, halafu ukaja kwangu nikupe ya kichwa ili nisijue. Siku kadhaa nilikuwa nimekukasirikia kama mtu aliye hai. Nilikuwa napita kaburini bila kutazama. Naomba unisamehe. Waliniuliza swali lao mpaka nikawa najiuliza mimi.

Aliyenitoa huko ni Nzioka. Rafiki yako, uliyekuwa unabeba naye magunia. Alikuja hapa juzi mchana na bahasha ya kampuni, amevaa shati la kwenda kanisani siku ya kazi, nikajua kuna neno. Bahasha ilikuwa na makubaliano. Kampuni itasaidia familia, itamsomesha Mumbua mpaka amalize shule, na mimi nitie sahihi kwamba kesi imeisha na kwamba marehemu alikunywa dawa kwa hiari yake. Nilisoma huo mstari mara nyingi. Unajua kitu kibaya? Ni kweli. Hakuna aliyekushika pua. Ulikunywa tembe zangu mbili kwa hiari yako na ukasema asante. Kila neno pale ni kweli, na yote kwa pamoja ni uongo.

Nikampa Nzioka chai. Hakuinywa. Nikamuuliza, nikamwangalia machoni, kama siku ile ulikunywa chochote kule. Akafikicha uso. Akaniambia hukunywa kitu, hata maji. Akaniambia milango ilikuwa haijatimiza siku zake, lori lilikuwa limefika mapema linangoja, na mkaambiwa mwingie mtoe magunia ya mbele tu, dakika chache. Yeye alisimama mlangoni anapokea. Wewe ndiye uliyekuwa ndani, umefunga leso puani. Mlipomaliza ya mbele mkaambiwa na yale ya nyuma. Nzioka alisema ulitoka ukiwa unayumba, ukamwambia kwa utani kwamba wadudu wa mwaka huu wamepata haki yao.

Huyo ni wewe. Nilipousikia huo utani nililia mpaka nikamwaibisha yule mwanaume. Ulikuwa hujaacha kitu. Ulikuwa unafanya kazi.

Nikamwambia Nzioka aje aseme hayo mbele ya hakimu, hayo hayo, hata kwa dakika tano. Akatazama mlango. Akasema, "Mama Mumbua, mimi nikisema hapo mbele, Jumatatu sina kazi. Na wangu wako wanne." Nikataka kumrushia mkasi. Halafu nikamwona mikono, ina zile nyufa zako, na nikajua bado anaingia stoo ile ile, na maziwa bado anaweka sahihi. Yeye amefungiwa ndani kuliko mimi. Nikamwambia aende, bahasha aiache. Mlangoni akaniambia nisimchukie. Nikamwambia sijapata nafasi bado.

Basi ndivyo nilivyo, mume wangu. Nikitia sahihi, mtoto anasoma na wewe unakuwa mtu aliyejiua, karatasi na muhuri juu. Nisipotia, nina ndiyo yangu kortini, nina kitabu cha maziwa, nina shahidi anayeogopa, na wakili mwenye shati kubwa. Shemeji yako wa Kathonzweni ameniambia kwa simu nitie tu, kwani marehemu atanigombeza? Mama yako nilimwambia, nilishindwa kujizuia. Nilidhani atasema nitie, kwa ajili ya mjukuu. Aliinuka na lile goti lake, akaenda hadi kaburini, akarudi, akasema uamuzi ni wangu, lakini nikitia nisimwonyeshe mahali nilipotia.

Bahasha ilikaa chini ya cherehani. Jana Mumbua akaamka na joto. Zahanati wakampima, malaria, wakatupa dawa. Tukafika nyumbani, nikampa tembe na maji, akafunga mdomo. Nilidhani ni uchungu wa dawa, nikamletea kijiko cha asali. Akageuza uso ukutani. Nikambembeleza, nikamtisha, nikamwita jina lake lote. Amechemka hata mto umelowa, na meno ameyabana. Mwisho akasema, "Mimi sinywi dawa. Baba alikunywa."

Nilikaa kitandani na zile tembe mkononi. Huko shuleni walikuwa wamemwambia siku nyingi, alikuwa hajaniambia. Mtoto wa miaka kumi, na amebeba hiyo peke yake kila siku kwenye mkoba. Nikaacha kubembeleza. Nikamwambia kwa Kikamba, tangu mwanzo, yote. Sufuria na mvuke. Lori lililofika mapema. Magunia ya mbele na ya nyuma, na leso yako. Nikamwambia baba yako alikunywa dawa ya kichwa, mimi ndiye nilimpa, tembe mbili, na hiyo haikumuua. Kilichomuua alikuwa amekivuta tayari kule stoo, kabla boda haijamleta.

Akageuka. Akaniuliza, "Ni wewe ulimpa?"

Nikamwambia ni mimi.

"Ilikuwa ya kuponya?"

Nikamwambia ilikuwa ya kuponya, na ilikuwa yote niliyokuwa nayo. Kisha akafungua mkono, akachukua tembe zake, akameza moja moja, akamaliza maji. Akajilaza. Nikadhani amelala. Akasema huku amefumba macho, "Sasa mbona hukuwaambia hivyo huko kortini?"

Nikamwambia hawakuniuliza.

"Si ungesema tu."

Leo joto limeshuka, amekula uji, anagombana na bibi yake juu ya redio. Bahasha nimempa yule wa boda airudishe Kabati. Ndani ni karatasi yao, pale pa sahihi ni peupe. Sijui kama nimefanya vizuri. Karo ya muhula ujao siioni inakotoka, na wakili akisikia nimerudisha bila kumwuliza atavua koti kwa hasira. Lakini tarehe ikifika nitaenda, na safari hii nitaomba mkalimani wa Kikamba, na nitaanzia ulipofunga kamba za viatu. Wakinizuia katikati, nitakuwa nimeshafika mahali fulani. Nzioka nimemtumia ujumbe wa siku na saa. Hajajibu. Ameusoma, naona.

Inaweza kuwa tutashindwa, Baba Mumbua. Nataka ujue hilo kutoka kwangu, usije ukalisikia kwa mama yako. Huenda ikaandikwa kwamba ulijiua na iwe hivyo kwenye karatasi za serikali siku zote. Lakini hukujiua. Hapa nyumbani nilikuwa ninalijua hilo peke yangu, na kwa siku kadhaa hata mimi sikulijua. Sasa Mumbua naye analijua. Tumekuwa wawili.

Pumzika, mwanaume wa maneno mengi. Ya kusema yamebaki kwangu.

Mke wako,
Mama Mumbua
Tulia